Fungu la Moshi

Maabara ya Metali, Chumba cha Tanuri
6 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini wewe na mkaza mjomba hamjambo. Naandika barua kwa sababu simu imenishinda. Mara ya mwisho nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta, nawe bado ulikuwa unaniitikia "ndiyo, ndiyo" nilipokuuliza unaendeleaje. Masikio yako umeyaacha kwenye karakana, na mimi siwezi kukwambia jambo hili kwa kupayuka.

Kaa chini kwanza. Nimepata.

Nina kijiti cha metali, urefu wake kama kiungo kimoja cha kidole, chembamba kuliko penseli. Ukikigeuzia sumaku kinarefuka. Sisemi kinavutwa, Mjomba, nasema kinarefuka chenyewe, milimita nzima na ushei, jicho linaona. Ukiigeuza sumaku kinafupika tena. Hakina mota wala springi. Tunaiita aloi yenye kumbukumbu ya umbo, kwa maana ukiikandamiza kisha ukaipasha moto, inakumbuka ilivyokuwa. Ndani yake mna nikeli, manganisi na galiamu.

Ubaya wake ni kwamba haivumilii joto. Ikifika joto la maji ya kuogea inagoma, na sumaku haiiambii kitu. Sasa nani atakifunga kifaa cha namna hiyo kwenye injini? Kwa hiyo kazi yangu ya miaka miwili ni moja tu: kutia humo chembe za metali nyingine, kobalti na shaba, kidogo kidogo, mpaka kijiti kifanye kazi kwenye nyuzi themanini. Wiki iliyopita kijiti changu cha tisa kimeitii sumaku kwenye nyuzi themanini na mbili. Nilicheza peke yangu mbele ya tanuri.

Tarehe 20 Mei nasimama mbele ya jopo. Wakiridhika, nabaki na tanuri hili mpaka nimalize shahada. Wasiporidhika, tanuri anapewa mwingine na mimi nafunga virago. Lakini hilo haliniumizi kichwa. Nimekaa mkao wa kula.

Sumaku yako ya kiatu cha farasi ipo hapa mezani, inazuia karatasi zisipeperuke. Kesi yangu naijua, usianze.

Mpwa wako,
Sumaku


Karakana ya Kusubu
19 Februari

Marahaba, mwizi wangu.

Uliiba sumaku ya karakana ukiwa na miaka saba, jina likakuganda, na hadi leo unaizuilia karatasi! Mimi huku nachambua chuma chakavu kwa macho miaka ishirini kwa ajili yako. Siku nikifa, waambie ukweli.

Barua yako imenipendeza hadi nikaisimamisha kazi. Vijana walidhani kuna msiba. Nimewaambia mpwa wangu ametengeneza chuma kinachojinyoosha kama paka aliyetoka usingizini, wakanitazama tu.

Usishangae naandika kwa taipu. Kalamu za siku hizi ni bure kabisa, zinakauka katikati ya neno, na mimi sina subira hiyo.

Sasa nieleze kitu. Wewe unajua kwamba hapa nayeyusha chuma na kusubu taya za mashine za kupondea kokoto. Chuma chake kimejaa manganisi, na chuma hicho sumaku haikigusi. Ndivyo tulivyokuwa tukikitambua kabla hujaniibia: sumaku ikiteleza, tulisema humu mna manganisi. Nawe unaniambia umeweka manganisi ili sumaku isikilizwe? Ama chuo kimekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, ama mimi nimezeeka.

La pili. Manganisi ina tabia ya kutoroka kwenye moto. Umeiwekea mlinzi?

Mkaza mjomba wako anakusalimu. Anasema ule, usijidai umeshiba elimu.

Mjomba wako


3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Hujazeeka, na mimi sijadanganywa. Kwenye chuma chako manganisi inauzima usumaku. Kwenye aloi yangu, ikikaa katikati ya nikeli na galiamu kwa mpangilio wake, manganisi hiyohiyo ndiyo inayoubeba. Ni mtu aliye bubu kwao na msemaji ugenini.

Sasa usikilize utamu wa chembe. Kijiti kina joto la aina mbili la kuliogopa. Likipita la kwanza, kinarudi kwenye umbo lake la zamani na kugoma kurefuka. Likipita la pili, kinapoteza usumaku wote. Nikitia shaba, joto la kwanza linapanda, ndilo ninalotaka, lakini la pili linashuka. Nikitia kobalti, la pili linapanda, lakini la kwanza linashuka kidogo. Kwa hiyo natia zote mbili, moja isukume, nyingine ishikilie. Asilimia nne ya shaba ndiyo iliyokifikisha kijiti cha tisa kwenye themanini na mbili. Nina hakika nayo kama ninavyolijua jina langu.

Kijiti cha kumi na cha kumi na moja, vipimo vilevile, vinaleta ukaidi kidogo. Kimoja kimegomea sitini na nane, kingine sabini na nne. Watoto wa tumbo moja nao hawafanani. Profesa, ndiye msimamizi wangu, anasema niandike habari za kijiti cha tisa wakati bado kina moto. Makala inakwenda kwa jarida tarehe 15 Aprili, ili jopo wakija waikute tayari.

Kuhusu kutoroka kwa manganisi, tunakujua. Kila mchanganyiko naongeza asilimia moja ya ziada. Imo kwenye kanuni.

Nimekuwekea kalamu tatu ndani ya bahasha. Ni nzuri, hazikauki. Sasa huna kisingizio, nataka kuuona mwandiko wako ule uliosimama wima kama bwana shamba kazini.

Sumaku


13 Machi

Mpwa wangu,

Kalamu nimepokea. Nimeziweka mahali pazuri.

Unalikumbuka lile konzi la vipande vya metali nililokuwa nalitupa kwenye chungu kabla ya kumimina chuma? Ulikuwa unakaa juu ya ndoo na kunipigia makofi. Ulidhani najishaua. Wote walidhani hivyo, nami niliwaacha. Nilikuahidi siku moja nitakwambia ni nini, na miaka thelathini na mmoja sijamwambia mtu. Ilikuwa manganisi ya ziada. Lile ni fungu la moshi. Chuma kikiyeyuka, manganisi inapanda na moshi. Ukikiyeyusha tena, inapanda tena. Usipoupa moshi fungu lake, unajichukulia wenyewe kutoka kwenye chungu, na moshi haukwambii umechukua kiasi gani.

Kwa hiyo nijibu matatu, bila maneno mengi. Vijiti vya kawaida uliviyeyusha mara ngapi, na vile vya shaba mara ngapi? Vumbi linaloganda ndani ya tanuri lina rangi gani? Na unalisafishaje?

Mjomba wako


21 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimecheka, halafu nikanuna, halafu nimeamua kukujibu kwa sababu wewe ndiwe wewe.

Vijiti visivyo na shaba nimeviyeyusha mara tatu. Vyenye shaba mara tano, pengine zaidi, kwa kuwa shaba ilikuwa inajikusanya upande mmoja nikawa navigeuza na kuviyeyusha upya. Kuna ubaya gani? Tanuri langu ni la kufungwa, hewa inanyonywa yote kwanza. Hii si karakana ya chuma chakavu, Mjomba, samahani lakini ndivyo ilivyo. Mizani yangu inapima uzito wa unyoya.

Vumbi ni la kahawia, linakaribia weusi. Linaganda kwenye kidirisha cha kuchungulia. Likizidi nafungua mlango, nalipuliza kwa mdomo na kupangusa kwa kitambaa kikavu. Dakika mbili tu.

Makala imeshakamilika. Kijiti cha tisa kipo, kinafanya kazi, na kitu kinachofanya kazi hakina haja ya kujitetea. Nitakutumia nakala uitundike kwenye karakana.

Na mwandiko wako uko wapi? Nilituma kalamu, nimepokea taipu.

Sumaku


29 Machi

Mpwa wangu,

Tanuri limekudanganya, na mimi nimekudanganya. Naanza na tanuri.

Moshi umekula mara tano, wewe umeulisha wa mara tatu. Asilimia moja ile ile kwa kila kijiti! Hata mwanafunzi wangu wa wiki ya pili ningemfukuza kwa hilo. Hewa ikinyonywa ndiyo kabisa, manganisi inapata njia nyeupe. Lile vumbi kwenye kidirisha chako ndiyo manganisi yako, mama, umeiweka kwenye hesabu ya kijiti ilhali imo kwenye kitambaa. Kwa hiyo humjui aliyekifikisha kijiti cha tisa kwenye themanini na mbili, kama ni shaba au ni upungufu. Wale ndugu zake wawili hawana ukaidi. Wanakwambia ukweli, na wewe unawaita wakaidi kwa kuwa wamekuharibia sherehe. Unapima kinachoingia. Mimi napima kinachoingia na kinachotoka, na tofauti ndiyo naiuliza maswali.

Sasa mimi. Kalamu zako ni nzuri sana na sijaandika nazo hata neno. Mkono wangu wa kulia unatetemeka. Ni mwaka wa pili. Ulianza kama utani, kikombe kikigonga sahani, tukacheka. Siku hizi sishiki kijiko cha kumiminia, nasimama pembeni naelekeza kwa kidevu. Hata taipu hii siipigi mimi, anaipiga mkaza mjomba wako. Daktari ameuliza nafanya kazi gani, nikamwambia, akaniuliza nimevuta moshi wa manganisi miaka mingapi. Nikamwambia thelathini na mmoja, bila kufunga pua hata siku moja, maana niliona kitambaa ni cha waoga.

Sikukwambia kwa sababu wewe ulipenda metali ukiwa juu ya ile ndoo, ukitazama mikono hii. Niliona ukijua utaiacha kazi. Na nimeona aibu, nisifiche.

Ningenyamaza hadi mwisho. Lakini umeniandikia kwamba unalipuliza vumbi lile kwa mdomo, na hapo sikuweza.

Mistari mitatu ya chini nimeiandika mwenyewe, kwa kalamu yako. Imenichukua asubuhi nzima. Utazame mwandiko kwanza, ndipo usome maneno.

Funga pua.
Pima kabla.
Pima baada.


9 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Niliutazama mwandiko kama ulivyoniagiza. Niliutazama hadi nikashindwa kuona. Kisha nikanawa uso, nikafunga pua, nikapanda ghorofani kwenye mashine ya kupimia vilivyomo ndani ya metali, na vijiti vyangu vyote kumi na kimoja mkononi.

Cha tisa kimepungukiwa na manganisi karibu asilimia mbili. Cha kumi na cha kumi na moja navyo vimepungukiwa, ila si sana, kila kimoja kwa kiasi chake. Vile visivyo na shaba havijapungukiwa kitu cha maana. Theluthi ya sifa niliyompa shaba ilikuwa ya moshi. Kijiti cha tisa kilikuwa bahati, na nilikuwa tayari kuipeleka bahati kwa jarida na jina langu juu yake.

Nilimwambia Profesa siku hiyohiyo. Aliuliza kama nina hakika nataka kuizuia makala wiki sita kabla ya jopo. Nikasema ndiyo. Akaniuliza nani kanitilia shaka hiyo, nikasema mjomba wangu, akauliza ni profesa wa wapi. Nikamwambia yeye ni mkubwa kuliko maprofesa, anasubu taya za kokoto.

Naanza upya. Nimefunga kibwebwe. Kila kijiti kinayeyushwa mara tano, chenye shaba na kisicho nayo, na kila kimoja kinapata fungu lake la moshi, kinapimwa kabla na baada. Vumbi linanyonywa kwa mashine na kupanguswa kwa kitambaa chenye maji. Tunavaa barakoa wote, hata Profesa akichungulia.

Uliogopa nitaacha. Mjomba, hunijui? Nitaacha siku utakayonipeleka mahakamani kwa kesi ya sumaku. Lakini nimekasirika kwamba umekaa na jambo hilo miaka miwili peke yako, na nakwambia nimekasirika.

Wako,
Sumaku


20 Aprili

Mwanangu,

Hii ni mimi, mkaza mjomba wako. Yeye yuko uani anagombana na lori la chuma, nimepata nafasi ya kuandika yangu.

Kwanza ujue barua zote nimezichapa mimi, na nimezipunguza makali. Ile ya mwisho wa Machi ilikuwa na neno kuhusu mizani yako ya unyoya ambalo siwezi kulirudia. Pili, hukuwa peke yako uliyefichwa. Mimi mwenyewe niliambiwa kikombe kina kasoro kwenye mkono wake. Nilibadilisha vikombe sita kabla sijafungua macho.

Tangu aandike ile mistari mitatu amekuwa mwingine. Anakwenda kliniki bila kuburutwa. Daktari amesema mkono hautarudi ulivyokuwa, ila akikaa mbali na moshi hautakimbia mbele. Amewakabidhi vijana chungu, na amewafungia pua wote kwa lazima. Anakaa kiti cha getini anapokea chuma, na kelele zake zimeongezeka.

Asichokubali ni kusaidiwa. Chai anakunywa nusu, nusu nyingine inanywewa na meza. Anasema mkono huu hauna kazi tena. Hilo ndilo linaloniuma, mwanangu, si kingine.

Kula.

Mkaza mjomba wako


24 Mei

Mjomba,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo!

Wamenipitisha. Tanuri ni langu.

Niliwapelekea vijiti vinne, vipimo vilevile vinne, na vyote vinagomea kati ya themanini na moja na themanini na tatu. Hakuna mkaidi hata mmoja. Kumbe shaba ilihitajika zaidi ya nilivyodhani, kama asilimia tano na nusu, na kobalti nayo niliiongeza kidogo ili usumaku usiporomoke. Niliwaonyesha pia kijiti cha tisa na upungufu wake, nikasema hili ndilo kosa langu na hivi ndivyo nilivyoligundua. Nilidhani watanirukia. Mzee mmoja mwenye miwani miwili, mmoja usoni mmoja kichwani, akasema amesoma vipimo vya vijiti vya aina hii kwa miaka kumi, na kwa mara ya kwanza anaelewa kwa nini havikubaliani.

Kisha wakaja kuliona tanuri. Mistari yako mitatu nimeiweka kwenye fremu juu ya kidirisha. Mmoja akauliza ule ni mchoro wa mtetemo wa kifaa gani. Nikamjibu kwamba ni kanuni ya kwanza ya maabara hii, aisome. Aliisoma, na akavaa barakoa.

Ndani ya kifurushi hiki mna kijiti cha kumi na nane. Kimo ndani ya kibomba cha kioo, na sindano nyembamba mwishoni ili uone kinavyosogea. Mimina maji ya moto humo, pima, yawe nyuzi themanini. Mna pia sumaku yako. Ilikuwa imechoka, nikaibandikia vipande viwili vipya vya sumaku kwenye miguu yake. Iweke ielekee urefu wa kijiti, kitafupika. Igeuze ikatishe ubavu, kitarefuka.

Shika wewe, usimpe mtu.

Mpwa wako,
Sumaku


6 Juni

Mpwa wangu,

Anachapa mkaza mjomba wako, nami nimemwonya asipunguze hata neno.

Kifurushi kimefika jana asubuhi. Nilifunga geti. Vijana walisimama nyuma yangu na barakoa zao kama madaktari wa upasuaji. Tukamimina maji, tukapima themanini kamili. Mkaza mjomba wako akasema nishike sumaku kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia barua imesema shika wewe, na mimi ni wa kulia.

Nikaisogeza. Mkono ukaanza mambo yake, sumaku ikawa inayumba, huku na huku, huku na huku. Niliona aibu mbele ya wale watoto. Nilitaka kuiweka chini.

Hapo mmoja akasema, "Mzee, tazama sindano."

Ilikuwa inakwenda nao. Kijiti kinarefuka, kinafupika, kinarefuka, kinafupika, kwa mwendo wa mkono wangu hasa, hakikosi hata mara moja. Nikauacha mkono utetemeke ulivyotaka. Miaka miwili nimeuamrisha utulie, ukanikatalia. Nimeuficha mfukoni kanisani na sokoni. Jana niliuachia mbele za watu, na kile kijiti chako kikawa kinaufuata tu. Maji yalipoa, tukamimina mengine. Tulifanya hivyo mpaka mkaza mjomba wako akalia, halafu akasema ni mvuke.

Sasa nina kazi. Kila chuma kinachoingia getini nakipitishia sumaku mwenyewe, kwa mkono huu, na chenye manganisi nakiandikia kwa chaki: funga pua. Herufi zinapinda, lakini vijana wanazisoma.

Sumaku naibakiza kwa muda. Ukija likizo nitakupa, mbele ya mashahidi, ili usiitwe mwizi tena. Jina lenyewe baki nalo.

Hapa chini nimetia sahihi kwa kalamu yako. Safari hii haikunichukua asubuhi nzima, kwa sababu sikuuzuia mkono.

Mjomba